Teke la Bunduki na Risasi ya Milimita 7

Mbukwenyi! Naona nimeitikiwa na upande mmoja tu wa ukumbi. Huo upande wa pili ni wageni wa Dodoma, mtazoea.

Mwenyekiti ameniandikia nizungumzie uteuzi wa bunduki kwa mwindaji mkazi. Barua nimeipokea kwa heshima zote, na sasa nitazungumzia teke, yaani ule msukumo wa bunduki unaokurudia begani ukifyatua. Mnaonijua mnisamehe, wimbo ni uleule. Nitauacha siku watu watakapoacha kwenda porini na bunduki wanazoziogopa.

Maana hali ndiyo hiyo. Msimu ukifunguliwa, mtu ana leseni ya swala pala mmoja na ngiri mmoja, na begani amening'iniza .375 au .300 Magnum, zile bunduki za risasi nene zenye nguvu kubwa, zinazotajwa kwa upana wa tundu kwa inchi. Ukimuuliza, anakwambia, "Bunduki ni bunduki kaka, afadhali izidi kuliko ipungue." Swala pala dume ana kilo 55 hadi 75. Chukua mbuzi wawili wa mnada wa Msalato uwafunge pamoja, ndiye huyo. Sasa umemzidishia nini? Swala hatakufa mara mbili. Ulichozidisha ni kile kinachorudi kwako begani.

Tupige hesabu kidogo, sitawachosha. Teke linatokana na uzito wa kichwa cha risasi na mwendo wake, ukijumlisha gesi ya baruti inayotoka nyuma yake, na baruti nyingi ni teke kubwa hata kama kichwa ni kilekile. Vyote hivyo vinasukuma mbele, bunduki inasukumwa nyuma. Chukua bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini. Ukipiga risasi ya 7x57, ndiyo hiyo ya milimita 7 yenye ganda la milimita 57, ikiwa na kichwa cha greini 140, yaani gramu 9, bunduki inarudi na nguvu ya jouli 17 au 18. Bunduki hiyohiyo ikiwa .30-06 ya greini 180, inarudi na jouli 30. Ikiwa .300 Winchester Magnum, 45 hivi. Na .375, hata ukiipa bunduki nzito ya kilo 4, inavuka 55. Hizo si tofauti za kubishania kwenye kahawa. Kutoka milimita 7 kwenda .375 umezidisha teke mara tatu, na nyama unayoitafuta ni ya mbuzi wawili.

Kuna mzee hapa mbele anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: "Mimi teke silisikii nikiwa mawindoni." Ni kweli mzee wangu, hulisikii. Damu imechemka, macho yako kwa mnyama, hata ukipigwa na punda hutajua. Lakini mimi sizungumzii teke lenyewe. Nazungumzia sehemu ya sekunde kabla yake. Mwili umeshafundishwa kule kwenye shabaha kwamba kidole kikivuta, kitu kibaya kinakuja. Kwa hiyo unajihami. Bega linasukuma mbele, kidole kinanyakua triga badala ya kuibana, jicho linafumba, mtutu unashuka. Mwenyewe hujui, kwa sababu mlipuko unafunika kila kitu. Unaona tu swala ametoka mbio mguu unaning'inia, halafu unasema darubini imehama. Darubini za mkoa huu zinasingiziwa sana.

Jinsi ya kuuona ugonjwa huu ni rahisi. Unataka risasi bubu, zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki (kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda), za kipimo cha bunduki yako. Usijitengenezee kwa kuchezea risasi nzima. Nendeni uwanja wa shabaha wawili. Mwenzako ndiye anapakia, wewe unatazama pembeni. Katika risasi 5, anachanganya bubu 2 au 3 kwa mpangilio anaoujua yeye. Anakupa bunduki, unalenga, unafyatua. Ikija ile bubu, hakuna mlipuko wa kuficha kitu. Mtutu ukibaki umetulia kama mti, u mzima. Ukichovya chini kama kuku anayedonoa, basi umejiona mwenyewe na hakuna wa kubishana naye. Na mwenzako asiangalie shabaha, aangalie ncha ya mtutu na jicho lako.

Dawa yake nayo haina gharama. Bunduki tupu, umekagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Chemba ya bunduki, jamani, si wilaya. (Kicheko.) Risasi zote ziko chumba kingine, na bunduki inaelekea ukuta ambao hata ikitokea la kutokea hakuna mtu nyuma yake. Chukua sarafu ya shilingi 500, ile yenye nyati, uilaze juu ya mtutu karibu na ncha. Lenga. Bana triga polepole mpaka ifyatuke yenyewe. Nyati akianguka, umenyakua. Mara 20 kila jioni kwa wiki 3, kisha rudi uwanjani na risasi halisi, usizidi 15 kwa siku, na uzime masikio kwa vizibo pamoja na vifuniko vya nje. Watu wanasahau kwamba nusu ya teke inaingilia masikioni. Bunduki yenye tundu za kupunguza teke kwenye ncha ya mtutu inakupumzisha bega lakini kelele yake inakuua masikio, na hujihami vilevile. Umehamisha tu ugonjwa.

Na uwanjani msikae mezani mkapiga risasi 40 za .375 mkidhani mnajifunza. Ukikaa umeegemea meza, mwili hauwezi kuyumba nyuma, teke lote linaishia begani. Hapo mnajifunza kuogopa, basi. Hakikisha shabaha kwa risasi 3 au 6 mezani, kisha simama upige ukiwa kwenye fito za kuegemeza, kwa sababu kule pori la Swagaswaga hakuna meza.

Ndiyo maana napenda risasi ya 7x57. Tuiangalie basi.

Aliibuni Paul Mauser wa Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Uhispania ikaichukua kwa jeshi lake. Kichwa kina kipenyo cha milimita 7.2, ganda lina urefu wa milimita 57. Risasi ya mwanzo ilikuwa na kichwa kirefu cha mviringo cha greini 173, ikienda mita 700 kwa sekunde. Tarehe 1 Julai 1898, kule Kuba kwenye vilima vya San Juan, Wahispania wachache wenye bunduki hizo waliwatesa Wamarekani mchana kutwa. Wamarekani walishinda vita, lakini waliporudi kwao wakatengeneza bunduki ya mwaka 1903 iliyofanana na Mauser kiasi cha kumlipa mwenyewe. Makaburu nao wakawatesa Waingereza kwa milimita 7 hiyohiyo kuanzia 1899. Kisha Waingereza, kama kawaida yao, wakaipa jina lao. Kampuni ya Rigby ya London ikaiita .275, kwa sababu wao walipima tundu la mtutu kabla ya mifereji. Kwa hiyo ukikuta bunduki imeandikwa .275 Rigby, usiogope, inakula risasi ya 7x57.

Hapa kwetu ukitamka Mauser watu wanafikiria Mjerumani na Majimaji. Hizo ni nyingine. Askari wa Mjerumani wengi mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki ya mtindo wa 1871, milimita 11, ya baruti nyeusi inayotoa moshi kama tanuri la mkaa. Za kisasa zilikuwa milimita 8. Milimita 7 haikuwa bunduki ya jeshi lao, na hili mlishike, kwa sababu nitalirudia kwenye risasi za kuchanganya.

Sasa nimfikie Bell. Mwenyekiti, najua saa, nitakwenda haraka.

Walter Bell alikuwa Mskoti, akawinda ndovu Karamoja, Uganda, na kwingineko mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika maisha yake alihesabu ndovu 1,011, na wengi wao aliwaangusha kwa risasi hii ya milimita 7. Wakati huo wawindaji wenzake walibeba mabunduki ya mitutu miwili ya kilo 5 na 6, yenye teke la kumlaza mtu. Watu husimulia habari hii kama muujiza wa risasi. Haikuwa risasi. Bell alichukua fuvu la ndovu akalipasua kwa msumeno kutoka mbele hadi nyuma, ili aone ubongo umekaa wapi. Ubongo wa ndovu ni mdogo, umejificha nyuma na chini, umezungukwa na mfupa wenye matundu kama sega la nyuki. Bell akajifunza njia ya kuufikia kutoka kila upande, mbele, ubavuni, mpaka nyuma ya sikio wakati ndovu anaondoka.

Halafu angalieni kichwa alichotumia. Greini 173, kirefu, chembamba, kimevikwa chuma chote mpaka puani, kwa hiyo hakipanuki wala hakipindi njia. Kitu chembamba kirefu kinapenya mfupa kuliko kitu kinene kifupi chenye uzito uleule, kama msumari na kijiti. Bunduki yenyewe ilikuwa nyepesi, aliibeba mwenyewe kutwa nzima, hakumpa mbebaji. Na aliizoea kwa kulenga vitu njiani kila siku, bila risasi. Ile sarafu yetu, yeye alikuwa nayo kichwani. Risasi isiyompiga teke ilimwachia macho wazi wakati wa kufyatua, akaona ilipopiga, akapakia nyingine. Siri ya Bell ni hiyo, hana hirizi.

Haya, kijana wa nyuma ameshanyoosha mkono. Swali lako nalijua: "Kwa hiyo na mimi naweza kupiga nyati kwa milimita 7?" Kaa chini. Huwezi. Kwanza sheria inataka kuanzia .375 kwa wanyama wa hatari, na sheria hiyo imetungwa na watu waliowahi kuokota wenzao. Pili, Bell alikuwa anapiga ubongo, wewe utapiga bega. Tatu, wale waliojaribu kumwiga Bell wakashindwa hawakuandika vitabu. Nyati ni .375 na kuendelea, na leo sitaki kumzungumzia nyati. Ninazungumzia swala pala, swala granti, ngiri, kongoni, mbawala, na kwa mtu mwenye shabaha ya kweli na aliyekaribia, tandala. Pofu dume mwenye kilo 700 mpe bunduki nyingine.

Kule Marekani na Ulaya ambako risasi hizi zinapendwa, mawindo yao ni kulungu. Kulungu wa mkia mweupe dume aliyekomaa anaweza kuwa na kilo 70 mpaka 130. Waswidi wanawinda mnyama anayeitwa elki, mkubwa kuliko kongoni wetu kwa mbali, na kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakimwangusha kwa ndugu wa risasi hii, milimita 6.5x55. Ukiona Mswidi anaangusha mnyama wa kilo 300 kwa risasi hiyo, wewe na swala wako wa kilo 60 unalalamikia nini?

Ila msome vitabu vyao kwa akili. Mwongozo wa Mmarekani utakwambia lenga nyuma ya bega. Kwa kulungu wake ni sawa. Wanyama wetu wengi, moyo na mapafu yamekaa mbele zaidi na chini zaidi, katikati ya mabega. Ukilenga nyuma ya bega kama kitabu kinavyosema, unaanza kukaribia ini na tumbo, na hapo utatembea mpaka magharibi. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini, panda mpaka theluthi moja ya kifua, hapohapo kwenye mstari wa mguu. Ngiri shuka hata kidogo zaidi. Akiwa amegeuka kidogo anaondoka, usitazame ubavu unaouona, tazama mguu wa mbele wa upande wa pili, upitishe risasi kuuelekea. Akiwa amekupa mgongo, subiri. Swala hana haraka ya kwenda ofisini.

Ukishafyatua, pakia palepale huku jicho liko kwenye darubini. Usishangilie. Kisha usikimbilie. Kumbuka aliposimama, ufunge kitambaa kwenye mgunga ulipokuwa wewe, halafu nenda pale alipokuwa yeye. Damu ya rangi ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali, mara nyingi ndani ya mita 100. Damu nyeusi nzito ni ini, ngoja nusu saa. Ukikuta maji ya kijani na majani yaliyotafunwa, umepiga tumbo, na hapo unangoja saa nzima na zaidi, ukae chini utafakari ile sarafu. Ukimkimbiza kabla, atapata nguvu ya woga, na vichaka vya Itigi vitammeza. Ukishaingia humo, mita 5 ni mbali.

Mtaniambia huku kwetu kweupe, swala anasimama mita 300. Hebu tuone. Risasi ya greini 140 inatoka na mita 810 kwa sekunde kwenye mtutu wa sentimita 60, na nguvu ya jouli 3,000 hivi. Mita 200 bado ina kama 2,000, zinamtosha swala na kubaki. Ukiweka shabaha iingie sawasawa mita 200, kwa mita 100 itapiga juu kama sentimita 6, na kwa mita 300 itashuka robo mita. Maana yake ni nini? Kutoka hapo mpaka mita 220 au 230, unalenga pale unapotaka na hufanyi hesabu yoyote. Mita 300 ushauri wangu ni mmoja, tembea. Una miguu, kuna vichuguu, kuna mibuyu ya kujificha. Magnum itakuongezea mita 50 au 60 za kulenga bila hesabu, kisha itakunyang'anya kwa ule mtutu unaochovya. Na asinisikie mtu akisema atapiga kutoka garini kwa sababu ni mbali. Hiyo ni kesi, wala si mawindo.

Niwe mkweli kwa jambo moja, maana kuna mtu ataniumbua nisipolisema. .375 haiharibu nyama ya swala kama .300 Magnum inavyoharibu. Kichwa chake kinakwenda taratibu, kinapita. Ile ya kasi ikigonga bega kwa karibu inageuza bega zima kuwa uji wa damu. Kwa hiyo mwenye .375 tu, na anaimudu kwa ule mtihani wa risasi bubu, sina ugomvi naye. Milimita 7 nayo haiharibu sana, kwa sababu ileile ya mwendo wa wastani. Tumieni kichwa chenye ncha laini, kile kinachoonyesha madini ya risasi puani, kipanuke ndani. Kile cha chuma chote cha Bell, kwa swala, kinatoboa tundu kama la bisibisi na mnyama anaenda nacho.

Yaliyobaki nayapitisha mbio, mwenyekiti ameshaitazama saa mara tatu.

Kabla ya kununua bunduki, uliza risasi. Zunguka madukani kwanza, uliza 7x57 ipo au inaagizwa kwa muda gani. Kama haipatikani, .308 yenye kichwa chepesi cha greini 150 inakupa teke la kuvumilika, na 7mm-08, ambayo ni ganda la .308 lililobanwa shingo, ni 7x57 kwa nguo nyingine. Sitaki mtu arudi kwangu na bunduki nzuri isiyo na chakula.

Kuchanganya: 7x57 na 8x57 maganda yake yanafanana kama mapacha. Kichwa kimoja ni milimita 7.2, kingine 8.2. Soma maandishi kitakoni mwa ganda na kwenye mtutu, usisome rangi ya boksi. Na ile iliyoandikwa 7x57R ina ukingo, ni ya bunduki za kukunja, haiwahusu.

Bunduki za zamani: Mauser za 1893 na 1895 ni dhaifu kuliko ile ya 1898. Ya 1898 ina kishikilio cha tatu nyuma ya bolti, kile chuma cha kufunga na kufungua chemba, zile hazina. Risasi za kiwanda za Marekani zinawekwa shinikizo la chini kwa ajili ya bunduki hizo, kama bari 3,500, na za Ulaya zinaruhusiwa mpaka 3,900. Bunduki ya babu ikaguliwe na fundi kwanza, kisha uipe zile za chini.

Risasi za jeshi za zamani, zile za maboksi yenye vumbi, nyingi fataki zake zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaiondoi, ndiyo maana mtu anapaka mafuta leo, keshokutwa anakuta kutu. Pitisha maji ya moto siku hiyohiyo, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Joto: msiache risasi juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana wa Oktoba. Baruti ikipata joto shinikizo linapanda, bolti inakuwa ngumu kufunguka, na shabaha inahama. Zikae kivulini, ndani ya kitambaa.

Darubini iwe sentimita 8 au 9 kutoka jichoni, ukiwa umesimama na umevaa koti lako la porini. Naona kuna nyusi mbili tatu humu zenye kovu, sitaji majina.

Nilitaka niseme urefu wa kitako, hasa kwa akina mama na vijana wanaopewa bunduki za waume na baba zao zilizo ndefu kupita mkono. Mwenyekiti amesimama. Basi, bunduki tatu ziko kwenye meza ya nje, bolti zimetolewa, msimamizi wa silaha ameshazikagua na atazikagua tena zikirudishiwa bolti mbele yenu, na risasi hazipo kabisa eneo hili. Sarafu ninazo nne. Kitako tutakipimia hukohuko.